Picha ya Ndege: Kusoma Kumbukumbu za Vikosi vya Anga vya Uingereza mjini Nairobi, 1946–1964



Mada ya mhadhara huu yaweza kuonekana kuwa mbali na taaluma za Kiswahili. Picha za ndege za kijeshi zilizopigwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa kawaida hushughulikiwa na wanahistoria wa majeshi pamoja na wapenzi wa ndege. Hao huzisoma kwa bidii ya kupigiwa mfano: hutazama herufi 2 na tarakimu 3 zilizoandikwa ubavuni, hutambua injini, rangi na nembo ya kikosi, kisha huandika maelezo mafupi chini ya picha. Hoja yangu ni kwamba maelezo hayo ni matini, nayo yastahili uhakiki kama matini nyingine yoyote. Aidha, picha za ndege zilizokaa Eastleigh, Nairobi, hazitakamilika kuwa ushahidi wa historia mpaka ziandikiwe maelezo mengine, kwa lugha za watu walioishi chini ya ndege hizo, Kiswahili kikiwa mojawapo.

Kiwanja na ndege zake

Eastleigh kilikuwa kiwanja cha Jeshi la Anga la Kifalme la Uingereza, na papo hapo kilitumiwa na ndege za abiria za Nairobi mpaka kiwanja cha Embakasi kilipofunguliwa mwaka 1958. Mwaka 1964 Kenya iliunda Jeshi lake la Anga, na Eastleigh ikawa kambi yake. Kwa hiyo picha tunazozijadili ni za kipindi kisichofika hata miaka 20, lakini ndani yake mna mabadiliko makubwa.

Mwanzoni mwa kipindi hicho tunazikuta ndege za Lancaster za Kikosi cha 82. Lancaster ilibuniwa iwe ndege ya kutupa mabomu; ilikuwa na injini 4, na mabawa yake yalienea takriban mita 31. Kikosi cha 82 kilipoundwa upya mwaka 1946 kilipewa Lancaster zilizofungwa kamera badala ya mabomu. Hadi mwaka 1952 kilipiga picha za ardhi katika makoloni ya Afrika Magharibi na Mashariki, ili Idara ya Upimaji wa Makoloni, iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 1946, ipate kuchora ramani. Ndege iliruka kwa mistari iliyonyooka, na kila picha ilifunika sehemu ya ile iliyotangulia, ili mchoraji azitazame mbili pamoja na kuona vilima na mabonde yakiinuka mbele ya macho yake.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotupa msaada wa kwanza. Tukisema “picha ya ndege”, kiunganishi “ya” kinabeba maana mbili: picha inayoionyesha ndege, na picha iliyotoka katika ndege. Lancaster iliyosimama Eastleigh ilikuwa na picha za aina zote mbili. Katika ya kwanza, askari wa anga wamejipanga mbele ya rafadha zake. Katika ya pili mna mashamba, njia za ng’ombe na mapaa ya nyasi, yakitazamwa kutoka juu sana, bila uso wa mtu hata mmoja. Mwanahistoria aitazamaye moja bila ya nyingine amesoma nusu ya waraka.

Ndege za msituni

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Mapema mwaka 1953 ndege ndogo za Harvard ziliwasili, zikabebeshwa bunduki na mabomu madogo ya ratili 20. Mnamo Novemba mwaka huohuo zikafika ndege nzito za Lincoln, zilizotokana na Lancaster na kuizidi kwa ukubwa. Vikosi vya 49, 100, 61 na 214 vilipokezana zamu hadi mwaka 1955, vikitupa mabomu ya ratili 500 na 1,000 katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, ambayo serikali ilikuwa imeitangaza kuwa eneo la marufuku. Hata miongoni mwa Waingereza wenyewe kulikuwa na ubishi kuhusu manufaa ya kutumia mabomu makubwa namna hiyo dhidi ya watu waliotawanyika chini ya miti. Ndege nyingine ndogo zilifungwa vipaza sauti, zikazunguka juu ya misitu zikiwataka wapiganaji wajisalimishe.

Ndege hizi zimeacha picha nyingi, na baadhi yake zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Vita ya Kifalme jijini London. Zipo za Lincoln zikiwa angani juu ya milima, na zipo za mafundi wakiyaandaa mabomu. Zilipigwa na upande mmoja tu wa vita. Wapiganaji wa msituni hawakuwa na kamera ya kumwelekea rubani. Walichobaki nacho ni maneno, kama yale ya Karari Njama, ambaye kumbukumbu zake za maisha katika msitu wa Nyandarua zilichapishwa mwaka 1966, na ya Waruhiu Itote, aliyechapisha zake mwaka 1967. Itote alikuwa amepigana Burma katika jeshi la Waingereza haohao kabla ya kuingia msituni.

Haki inatudai tuseme kwamba si kila safari ya ndege kutoka Eastleigh ilikuwa ya vita. Mwaka 1961, nchi ilipokumbwa na njaa na kisha mafuriko, ndege kubwa za mizigo aina ya Beverley za Kikosi cha 30 ziliwadondoshea wananchi chakula.

Nani alitenda?

Maelezo ya kawaida ya picha hizi hayana kitenzi: aina ya ndege, namba ya kikosi, mahali, mwaka. Tukiyaandika kwa Kiswahili hatuna budi kutafuta kitenzi, na mara moja tunakutana na “piga”. Lancaster ilipiga picha, Lincoln ilipiga mabomu, na ndege ya vipaza sauti ilipiga mbiu. Lugha inaziweka pamoja kazi ambazo katika rejista za kijeshi zimegawanywa katika mafaili tofauti. Ni kweli kwamba kitenzi hicho ni cha matumizi mapana, na haifai kukitwisha falsafa kisichoibeba. Hata hivyo kinatukumbusha kuuliza swali moja kwa ndege zote tatu: nani alipiga, na nani alipigwa?

Swali hilo linahusu pia upatanisho wa kisarufi. Katika Kiswahili sanifu, ndege mwenye uhai “ameruka”, bali ndege chombo “imeruka”. Sarufi inatambua kwamba chombo hakina nia. Lakini tunapoandika kwamba “ndege zilidondosha mabomu”, tunakipa chombo kazi ya mtenda, kana kwamba ni mti uliodondosha matunda. Rubani anatoweka, na aliyemtuma anatoweka pia. Neno “rubani” lenyewe, lililotujia kutoka Kiarabu, lilikuwa la mtu wa baharini mwenye dhamana ya kukiongoza chombo. Lilipopanda angani halikuiacha dhamana hiyo ardhini, na mwandishi wa maelezo hana ruhusa ya kuiacha.

Hitimisho

Mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa wazee 5,228 wa Kenya fidia ya jumla ya pauni milioni 19.9 kwa mateso ya kipindi cha hali ya hatari. Kesi iliyotangulia makubaliano hayo ilihusu mateso ya vizuizini, si mabomu ya msituni. Hata hivyo ilithibitisha kwamba maneno ya wazee, yakiwekwa kando ya nyaraka, yana uzito hata mbele ya mahakama.

Mtoto aliyekuwa na miaka 10 Lincoln zilipofika sasa amepita miaka 80. Kwa hiyo kazi ninayowapendekezea wanafunzi haiwezi kungoja: zichukuliwe nakala za picha hizi, ziwafikie wazee wa Nyeri, Murang’a na Eastleigh yenyewe, wakiwamo waliofanya kazi kiwanjani, na yaandikwe waliyoyaona na majina waliyoziita ndege hizo, kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, au kwa lugha nyingine waliyoitumia. Namba iliyo ubavuni mwa ndege imekwisha kusomwa na wengi. Ibaki mahali pake, na chini yake paandikwe sentensi kamili yenye mtenda na mtendwa.