Jeni ya ESR1 na saratani ya matiti

Katika kromosomu ya 6 ya mwanadamu imo jeni iitwayo ESR1. Kazi yake ni kutoa maelekezo ya kuunda kipokezi, yaani protini inayoipokea homoni ya estrojeni ndani ya seli. Homoni ikishikamana na kipokezi hicho, jeni nyingine huamshwa na seli huanza kugawanyika. Ndivyo matiti ya msichana yanavyokua, na ndivyo pia uvimbe wa saratani unavyoweza kupata lishe.

Mnamo mwaka 1896 daktari George Beatson wa Glasgow alieleza kuwa uvimbe wa matiti ulisinyaa kwa mgonjwa aliyeondolewa ovari, ingawa estrojeni yenyewe ilikuwa haijajulikana. Sababu ilianza kufahamika mwishoni mwa miaka ya 1950, pale Elwood Jensen wa Chicago alipotumia estrojeni yenye mnururisho na kuona kuwa inang'ang'ania katika mji wa mimba wa panya.

Takriban saratani 7 kati ya 10 za matiti zina kipokezi hicho. Hapo ndipo inapofaa tamoksifeni, dawa ya bei nafuu iliyobuniwa Uingereza mwaka 1962, ambayo huikalia nafasi ya homoni. Kwa uvimbe usio na kipokezi haina msaada.

Kwa hiyo yote hutegemea kipimo. Kipande cha nyama kikichelewa kutiwa formalini, kipokezi huharibika, na majibu husema hakipo ilhali kipo. Mgonjwa akanyimwa dawa ambayo ingemfaa. Hatari hiyo ni kubwa pale sampuli inaposafirishwa mbali, kama ilivyo katika wilaya nyingi za Afrika Mashariki. Takwimu za zamani zilizodai kwamba saratani za Waafrika kwa kawaida hazina kipokezi zastahili kusomwa kwa tahadhari, japo ni kweli kuwa aina hiyo huonekana zaidi Afrika Magharibi.

ESR1 isichanganywe na BRCA1, ambayo kasoro zake hurithiwa. Kasoro za ESR1 kwa kawaida huzuka ndani ya uvimbe wenyewe, hasa baada ya matibabu ya muda mrefu ya kupunguza estrojeni: kipokezi huanza kufanya kazi hata bila homoni, na dawa hushindwa. Januari 2023 Marekani iliidhinisha elasestranti kwa saratani iliyosambaa yenye kasoro hizo, ambazo hutambuliwa kwa kupima damu.