Jinsi ya kutunza na kuendesha pikipiki ya safari ndefu kutoka Ainabkoi

AINABKOI ni eneo la nyanda za juu katika Kaunti ya Uasin Gishu, kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kuelekea Eldoret. Jina lenyewe, kwa lugha ya Kikalenjin, lina maana ya mto wa mawe. Upande wa Nakuru ipo Timboroa, kilele cha barabara hiyo, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Mwendeshaji wa pikipiki anayeondoka hapa kwenda Nairobi au Mombasa huianza safari katika baridi, ukungu na hewa hafifu, kisha huteremka kwa saa nyingi miongoni mwa malori mazito.

Pikipiki ya kazi za sokoni ikiharibika, fundi hayuko mbali. Ile ya safari ndefu huweza kusimama penye msitu, jioni, mvua ikinyesha. Ndiyo sababu mwenye nayo hana budi kujua kuikagua na kuitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

HEWA HAFIFU NA KABURETA

Injini huchanganya petroli na hewa kwa kipimo maalumu. Katika mwinuko wa mita 2,500, uzito wa hewa ni takriban asilimia 78 ya ule wa pwani. Kabureta iliyopimwa kwa ajili ya Mombasa hutoa petroli ileile ilhali hewa imepungua. Pikipiki huishiwa nguvu, hutoa moshi mweusi na kula mafuta mengi.

Plagi ndiyo shahidi. Ifungue baada ya mwendo, injini ikishapoa. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema. Masizi meusi makavu huonyesha petroli imezidi, au chujio la hewa limeziba. Weupe wa chokaa huonyesha petroli ni kidogo na injini inachemka kupita kiasi.

Hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hawaifikirii. Fundi wa nyanda za juu akiweka jeti ndogo ili pikipiki iende vyema Ainabkoi, jeti hiyohiyo itainyima injini petroli ikifika pwani, na pistoni huweza kuungua. Anayeteremka hadi Mombasa na abebe jeti ya awali, airudishe njiani. Pikipiki zenye mfumo wa kielektroniki wa kunyunyiza petroli hujirekebisha zenyewe.

OILI NA CHUJIO

Pima oili pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare. Injini nyingi za silinda moja zinazopozwa kwa hewa huhitaji oili mpya kila baada ya kilomita 3,000 hadi 5,000. Kitabu cha mtengenezaji ndicho mwamuzi. Tumia oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Baadhi ya oili za magari zina kemikali za kupunguza msuguano, na kwa kuwa klachi ya pikipiki nyingi huzama katika oili ya injini, klachi hiyo huanza kuteleza.

Barabara za udongo hujaza vumbi katika chujio la hewa. Chujio la sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa kabisa, kisha hupakwa oili kidogo. Lile la karatasi halioshwi. Hukung'utwa, na likichakaa hubadilishwa.

CHENI

Cheni hupimwa katikati ya sproketi mbili, upande wa chini, huku gurudumu likizungushwa ili kupata mahali ilipokaza zaidi. Kwa pikipiki nyingi ndogo, uchezaji wa milimita 20 hadi 30 unatosha. Kubwa za safari huhitaji zaidi. Cheni iliyokazwa kupindukia huua beringi. Iliyolegea huruka meno, na ikinaswa, gurudumu la nyuma hujifunga ghafla.

Ukirekebisha, hakikisha alama za kushoto na kulia zinalingana, kisha kaza nati ya ekseli na urudishe pini yake. Safisha cheni kwa mafuta ya taa na brashi, si kwa petroli, ambayo huharibu mipira ya ndani ya cheni za kisasa. Ipake oili mara baada ya safari, ingali na joto. Injini iwe imezimwa katika kazi yote hii. Vidole vingi vimekatwa na cheni inayozunguka.

MAGURUDUMU NA BREKI

Pima upepo asubuhi, kabla ya tairi kupata joto, na uongeze wa nyuma kama utabeba abiria au mzigo, kwa kipimo cha kitabu. Gongagonga spoku kwa spana; ile iliyolegea hutoa sauti butu.

Pedi za breki zikibakia na unene wa milimita 2, zibadilishe. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa. Katika mteremko mrefu unyevu huo huchemka na breki hupotea mkononi. Yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Diski isiguswe na oili hata tone.

KUTEREMKA

Kutoka Timboroa hadi Nakuru barabara hushuka takriban mita 900, ikipitia Sachangwan na Salgaa, sehemu zilizokwisha kuangamiza wasafiri wengi. Usitoe gia ili kuokoa mafuta. Shuka kwa gia ya chini, injini ikizuia mwendo, na utumie breki kwa vipindi badala ya kuzikanyaga mfululizo. Katika pikipiki za kunyunyiza petroli, injini iliyo katika gia haitumii petroli yoyote wakati wa kuteremka, hivyo anayetoa gia haokoi kitu.

Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Iminywe polepole na kuongezwa, isifinywe kwa ghafla, hasa penye mchanga au tope. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, unapita mita 22 kila sekunde. Acha nafasi ya sekunde 2 mbele yako, na 4 kukiwa na mvua. Usikae nyuma ya lori linalotoa harufu ya breki zinazoungua, wala mbele yake. Katika ukungu washa taa za chini; za juu hurudisha mwanga machoni pako.

SHERIA NA MZIGO

Sheria ya Trafiki ya Kenya humtaka mwendeshaji na abiria wake kuvaa helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, na abiria ni mmoja tu. Helmeti iliyopata pigo kubwa haifai tena, hata kama haina ufa.

Beba plagi, tyubu, vyuma viwili vya kung'olea tairi, pampu, fyuzi, kiungo cha cheni, waya, tochi na spana zinazoingia nati za pikipiki yako. Glavu nazo si pambo: vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi ya Timboroa huchelewa kufika kwenye breki.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, mlio wa chuma ndani ya injini, usukani unaotikisika na breki isiyorudi si mambo ya kubahatisha nyumbani. Hayo mpelekee fundi kabla ya safari.