Mjadala wa Usiku na Wasikilizaji Wake Bukavu

Katika nchi nyingi kipindi cha mazungumzo cha usiku kimekuwa mali ya televisheni, na historia yake huanzia Marekani mwaka 1954, The Tonight Show ilipoanza kurushwa kote nchini na watazamaji wakazoea kugawanyika kwa kumpenda mwendeshaji mmoja na kumkataa mwingine. Mjini Bukavu, makao makuu ya Kivu Kusini, kipindi cha namna hiyo kiliota mizizi katika redio, na sababu ya kwanza ni umeme. Mji unategemea mitambo ya mto Ruzizi, ule wa kwanza uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na wa pili uliozinduliwa mwaka 1989 kwa ubia wa Kongo, Rwanda na Burundi, nao umeme wake hautoshi, hata ikawa desturi kwa mitaa kukatiwa kwa zamu, jambo ambalo wakazi huliita delestaji. Saa ambazo familia ingekaa mbele ya televisheni ndizo ambazo mara nyingi mtaa huwa gizani, ilhali redio ya betri haimngoji mtu wa kampuni ya umeme.

Sababu ya pili ni ya kisiasa na ina uzito zaidi. Chini ya Rais Mobutu, nchi ilipoitwa Zaire, chombo cha utangazaji kilikuwa kimoja, Sauti ya Zaire, ambacho kituo chake cha Bukavu kilipeleka kwa wananchi hotuba, maagizo ya chama cha MPR na nyimbo za kumsifu kiongozi, bila kuwangoja wajibu. Maoni ya watu yalipita katika kile Wakongomani walichokiita radio trottoir, yaani habari na tetesi zinazosambaa kwa mdomo sokoni, kwenye vilabu vya pombe na kando ya barabara, na kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokuwa meza pekee ya mjadala. Mambo yaligeuka baada ya tarehe 24 Aprili 1990, siku Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja. Mkutano Mkuu wa Kitaifa, uliofunguliwa Kinshasa mwezi Agosti 1991, uliwafikia wananchi kwa redio na televisheni, nao wakasikia kwa mara ya kwanza wakubwa wakihojiwa na kubishiwa hadharani. Serikali ilipousimamisha mkutano huo, Wakristo wa Kinshasa waliandamana tarehe 16 Februari 1992 kudai ufunguliwe tena, na damu ikamwagika. Mjadala ulikuwa umekwisha kuwa kitu ambacho watu hawakukubali kunyang'anywa.

Katika hali hiyo mashirika ya kiraia ya Kivu Kusini yalianzisha Radio Maendeleo mwaka 1993, kituo cha kijamii kilichojengwa juu ya vikundi vya wasikilizaji, yaani watu wa mtaa au kijiji waliokutana kusikiliza pamoja, kujadiliana na kupeleka maoni yao kituoni. Mpango huo ulimpa msikilizaji cheo ambacho Sauti ya Zaire haikuwahi kumpa, cha kuwa sehemu ya watungaji wa kipindi, na ndiyo maana hukumu za wakazi wa Bukavu juu ya vipindi zimekuwa kali kila mara: mtu hukikosoa kipindi kama anavyokosoa mkutano wa ukoo ambao naye alistahili kuitwa. Mwaka uliofuata, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda kuleta umati wa wakimbizi, waandishi wa Uswisi walifungua mjini humo Radio Agatashya, iliyotangaza habari za kutuliza badala ya uchochezi wa redio ya RTLM ya Rwanda. Kituo hicho kilinyamaza mwezi Oktoba 1996 vita vilipoingia mjini, ila waanzilishi wake walikuwa wameunda shirika la Hirondelle, ambalo litarudi katika habari hii.

Wakati wa utawala wa waasi wa RCD mjini Bukavu, ulioanza mwaka 1998, kuwapa wananchi kipaza sauti kulikuwa kosa. Radio Maendeleo ilifungwa mwaka 1999, ikafunguliwa, kisha ikafungwa tena mwezi Desemba 2002, lawama ya watawala ikiwa kwamba kituo cha maendeleo kimeingia katika siasa. Lawama hiyo haikuwa ya kipuuzi kama inavyoonekana, kwa kuwa raia anayelalamikia kodi au barabara mbele ya kipaza sauti anafanya siasa, apende asipende, na watawala walilitambua hilo mapema kuliko wafadhili wengi.

Tarehe 25 Februari 2002, siku ambayo Mazungumzo baina ya Wakongomani yalifunguliwa Sun City nchini Afrika Kusini, Radio Okapi ilianza kutangaza kwa ubia wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa na shirika lile la Hirondelle. Kipindi chake kikuu cha jioni kiliitwa Dialogue entre Congolais, na kwa miaka zaidi ya 20 kimebaki mahali ambapo wabunge, mawaziri, wapinzani na watu wa asasi za kiraia huketishwa mbele ya mwendeshaji mmoja juu ya hoja ya siku. Kwa mji ulioshikwa na waasi na kutengwa na mji mkuu, kuwasikia watu wa kambi mbili zinazopigana wakijibizana kwa adabu kulikuwa jambo jipya kabisa. Simu za mkononi nazo zilikuwa zinaenea miaka hiyohiyo, zikawapa wasikilizaji njia ya kujibu vipindi vya redio ambayo barua na simu za waya hazikuwa zimewapa.

Ubishi juu ya kipindi hicho ulihusu kwanza lugha. Radio Okapi hutangaza habari kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, lakini mjadala mkuu wa jioni uliendeshwa kwa Kifaransa, lugha ya shule na ofisi. Wapo wanaoona sawa, kwa hoja kwamba Mkongomani wa Mbandaka na wa Bukavu hawana lugha nyingine ya kusemeshana, na kwamba Kiswahili kingewafungia nje watu wa magharibi. Wapo wanaojibu kwamba mama muuza samaki wa Kadutu, mjini Bukavu, ambaye vita vilimgusa kuliko mbunge yeyote, amebaki msikilizaji wa mazungumzo ya watu wengine juu ya maisha yake. Hoja ya pili ina nguvu zaidi, kwa maana redio za mji zimeendesha mijadala kwa Kiswahili muda wote huo bila ubora wa mjadala kupungua. Manung'uniko mengine, kwamba wageni hutoka Kinshasa mno, au kwamba redio ya walinda amani haiwezi kuwahukumu walinda amani, yanaeleweka bila maelezo marefu.

Swali gumu zaidi lilikuwa kama kuzungumza kwenyewe kunaponya. Shirika la La Benevolencija lilirusha mashariki mwa Kongo mchezo wa redio ulioitwa Kumbuka Kesho, juu ya migogoro baina ya jamii, na mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck alifuatilia matokeo kwa muda wa mwaka mmoja. Baadhi ya maeneo, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, yalisikia mchezo peke yake, na mengine yalisikia baada ya mchezo kipindi cha mazungumzo kilichowahimiza wasikilizaji wajadiliane na kuzitazama hoja za upande wa pili. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2010 kutokana na mahojiano na watu 842, yaliwashangaza wengi: waliosikia kipindi cha mazungumzo walijadiliana zaidi kweli, lakini walikumbuka manung'uniko yao zaidi, uvumilivu wao ukapungua, na hawakuwa wepesi kuwasaidia watu wa jamii wasioipenda. Yafaa kutambua mipaka ya utafiti huo. Ulilinganisha mjadala na mchezo, haukuulinganisha na ukimya, na ukimya wa miaka ya RCD haukuwa umeleta uvumilivu wowote unaojulikana. Hata hivyo uliwapa neno wale wazee waliokwisha kusema kwamba kidonda kikifunuliwa bila mganga huoza.

Waendeshaji nao walilipa gharama. Serge Maheshe, katibu wa uhariri wa Radio Okapi mjini Bukavu, alipigwa risasi tarehe 13 Juni 2007, na mwenzake Didace Namujimbo akauawa tarehe 21 Novemba 2008. Kesi zilizofuata mbele ya mahakama za kijeshi hazikuwaridhisha waandishi wenzao. Baada ya vifo hivyo wasikilizaji waliolalamika kwamba maswali ya mwendeshaji ni laini walipaswa kufikiri upya juu ya bei ya swali gumu.

Mwezi Desemba 2012 mamlaka ya utangazaji ilikata mawimbi ya Radio Okapi jijini Kinshasa kwa siku kadhaa, baada ya kituo kurusha mahojiano na Jean-Marie Runiga, kiongozi wa kisiasa wa waasi wa M23, ambao siku chache kabla walikuwa wameuteka mji wa Goma. Waliounga mkono adhabu walisema mwasi hapewi kipaza sauti cha taifa analolipiga. Waliopinga walikumbusha kwamba kipindi cha jioni kilizaliwa siku ambayo waasi na serikali waliketi meza moja. Ubishi huo umerudi ukiwa umegeuzwa. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulihitimisha shughuli zake Kivu Kusini mwezi Juni 2024. Mwezi Januari 2025 serikali iliiadhibu Al Jazeera kwa kumhoji kiongozi wa M23. Na mwezi Februari M23 wakaingia Bukavu. Mtangazaji wa mji huo sasa ana watawala wawili, mmoja akiwa mlangoni na mwingine Kinshasa, na mgeni anayeruhusiwa na mmoja ni mgeni aliyekatazwa na mwingine.