Moto wa Cheapside Street

Moto wa Cheapside Street ni janga lililotokea tarehe 28 Machi 1960 mjini Glasgow, Uskoti, katika bohari ya wisiki na ramu ambamo zaidi ya galoni milioni moja zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya mapipa ya mbao. Joto lilipozidi, mapipa yalipasuka, na mvuke wa pombe ukalipuka kwa nguvu, hata kuta zikaporomoka barabarani na kuwafukia waliokuwa wakiuzima moto. Walifariki wazimamoto 14 pamoja na watumishi 5 wa kikosi cha kuokoa mali. Kumbukumbu ya marehemu hao imo katika makaburi ya Necropolis, na msiba huo huhesabiwa kuwa mkubwa kuliko yote iliyozifika idara za zimamoto za Uingereza wakati wa amani.