Pete, Goti na Wazee: Historia Fupi ya Posa

Leo tunaongelea posa. Siku hizi simu zimejaa video za kijana aliyepiga goti, pete mkononi, watu wamemzunguka wanapiga vigelegele, msichana analia. Wengi wetu tunatamani hivyo hivyo. Sawa, lakini tujiulize kwanza: hiyo desturi ilitoka wapi? Na ile ya wazee wetu ilikuwa na kazi gani?

Tuanze na pete. Warumi wa zamani waliitumia sana. Mwandishi wao mmoja, Pliny, wa karne ya 1, aliandika kwamba mchumba alikuwa anatumiwa pete ya chuma, isiyo na jiwe lolote. Chuma tu! Kupiga goti nako huko Ulaya ilikuwa ishara ya mtu kujiweka chini ya bwana wake na kuahidi utii.

Na almasi je? Hapo ndipo Afrika inaingia. Mwaka 1867 almasi ilionekana Afrika Kusini, na mwaka 1888 ikaundwa kampuni ya De Beers. Mawe yakawa mengi, na kitu kikiwa kingi bei inashuka. Basi kampuni ikashika soko, na mwaka 1938 ikatafuta watu wa matangazo huko Marekani. Kazi yao ilikuwa kufundisha vijana kwamba hakuna posa bila almasi. Tangazo lao maarufu, la kwamba almasi ni ya milele, lilitungwa mwaka 1947 na mwanamke aitwaye Frances Gerety. Kwa hiyo kile tunachokiona kama mila ya tangu zamani, sehemu kubwa ni biashara iliyo na umri wa babu zetu.

Na mawe yenyewe yalitoka kwetu. Kasai, kule Kongo, almasi iligunduliwa mwaka 1907, na mji wa Mbuji-Mayi ulikua kwa sababu ya machimbo. Hapa Tanzania, mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ulianza mwaka 1940. Mwaka 1947 mwenye mgodi huo, John Williamson, alimpa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, almasi ya rangi ya waridi kama zawadi ya harusi. Jiwe lilitoka Shinyanga likaenda London. Mchimbaji wa Kasai au Shinyanga yeye alimposa mchumba wake kwa njia ya wazee.

Njia hiyo ilikuwaje? Kwa Warundi na Wanyarwanda kuna gusaba: wazee wa kijana wanaenda kwa wazee wa msichana, wanaomba kwa maneno ya heshima na utani, halafu inafuata inkwano, mara nyingi ng'ombe. Kwa Wakongo tunasema dot, na Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inaitambua kabisa. Sheria hiyo hiyo inadai pia bwana na bibi arusi wakubali wenyewe.

Mashahidi ndio walikuwa nguvu ya mambo haya. Kijana akimtesa mke au akimkimbia, wapo watu wa kumwita na kumuuliza. Lakini tuseme ukweli, kulikuwa na shida pia. Mara nyingine msichana aliulizwa mwisho, wakati mambo yameshaisha. Goti na pete angalau vinamuuliza yeye mwenyewe. Ila ukimuuliza mbele ya watu hamsini na simu zimewashwa, atasemaje hapana? Hapo napo hajaulizwa.

Sasa sisi wa kambini tumekaa katikati. Baba yuko Uvira, mjomba yuko kambi nyingine, wengine hatujui walipo. Ng'ombe hakuna, na kazi ya kutafuta pesa ya dot ni ngumu. Ndiyo maana wengi wanaamua kuishi pamoja tu, kimya kimya. Kisha ugomvi ukitokea dada anabaki na mtoto, hana shahidi hata mmoja.

Kwa hiyo, kaka unayepanga kuposa, mpango wetu ni huu. Muulize kwanza mkiwa wawili, mahali tulivu, naye awe na uhuru wa kusema bado au hapana. Akikubali, tafuta wazee wawili wa kukusimamia, hata kama si wa ukoo, wanaoheshimika kwenye zoni yenu. Wazazi walio mbali wapigiwe simu, wasikie kwa masikio yao. Mkubaliane dot kwa uwezo uliopo, iandikwe kilichotolewa na kilichobaki. Halafu ndoa iandikishwe, na familia iwekwe sawa kwenye kumbukumbu za kambi, maana siku ya safari au ya kurudi nyumbani karatasi ndiyo inaongea. Pete ikiwepo, hata ya bei ndogo, inatosha. Mrumi alitoa ya chuma.

Na nyie dada, msione aibu kusema mnachotaka kabla wazee hawajakaa.

Jambo la mwisho: wazee wetu waliobaki wanajua maneno ya kuombea mchumba, na wengi hawajaandika popote. Mkaeni nao jioni, muwaulize waliposaje, muwarekodi kwa simu. Siku tukirudi nyumbani, tuwe na cha kusema mbele ya wakwe.