Jua Lilipimwa Kwenye Ghuba Yetu na Hakuna Anayetuambia

Wasee wa Garsen, Hola, Kipini, hebu tuongee kuhusu Jua. Si joto, hilo tunalijua. Naongea kuhusu historia ya kulichunguza.

Ukiuliza, utapelekwa Ulaya. Galileo akichora madoa ya Jua mwaka 1612. Schwabe, yule Mjerumani aliyehesabu madoa miaka na miaka hadi 1843 akatangaza kwamba yanaongezeka na kupungua kwa mzunguko. Leo tunajua mzunguko huo ni kama miaka 11. Sawa, heshima yao. Lakini kuna sura moja iliandikwa kwenye bahari yetu wenyewe.

Ghuba ya Ungwana unaijua. Kaskazini ni Kipini, pale Mto Tana unamwaga maji. Kusini ni Ngomeni, na huko baharini ndiko yaliko majukwaa ya chuma ya San Marco na Santa Rita. Waitaliano chini ya Luigi Broglio waliyaleta miaka ya 1960, kwa sababu karibu na Ikweta mzunguko wa dunia unaipa roketi msukumo wa bure. Wengi wamesikia ile setilaiti ya Uhuru, iliyoruka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri. Ya mwisho kuruka pale haitajwi kabisa: San Marco 5, tarehe 25 Machi 1988.

Kazi yake ilikuwa kupima vile Jua linavyosumbua hewa ya juu kabisa. Iko hivi. Madoa yakiwa mengi, milipuko ya Jua nayo inazidi, na miale yake inakuwa mikali. Hewa nyembamba ya huko juu inapata moto na kufura kama mahamri kwenye mafuta. Setilaiti iliyokuwa inateleza vizuri sasa inakutana na hewa nzito, inapoteza mwendo, inashuka. San Marco 5 ilibeba mizani ya kupima hewa inavyoivuta nyuma, pamoja na kifaa cha kupima miale ya Jua. Mwaka haukuisha, hewa hiyohiyo ikaishusha, ikaungua.

Utasema hayo ni ya zamani. Februari 2022, Starlink walirusha setilaiti 49. Dhoruba ya Jua ikafurisha hewa, na karibu 40 zikapotea. Mtandao ambao watu wanaufunga juu ya mabati leo unategemea swali lililoulizwa kutoka Ngomeni mwaka 1988.

Sasa ndiyo shida yangu. Kijana anaweza kumaliza fomu four kwenye ghuba hii akijua jina la Galileo na asijue San Marco 5. Tangu 1988 hakuna setilaiti nyingine iliyorushwa pale. Shirika la Anga la Kenya lipo tangu 2017. Basi lianze hapa: walete somo hili madarasani, wapeleke watoto wa Tana River Ngomeni wakaone, si wageni peke yao.

Jua litafika kilele tena miaka ya 2030. Mtoto aliye darasa la sita Garsen leo atakuwa na umri wangu. Mimi nataka siku hiyo awe anasoma vipimo, si anauliza tu kwa nini mtandao umekatika.