Kaburi tupu la Namirembe

Pasaka ya Kimamba haina mbwembwe. Ijumaa Kuu makanisa yanajaa, Jumapili yanajaa zaidi, kwaya zinavaa sare, wenye uwezo wanapika pilau. Ikifika Jumanne mtu yuko shambani kwake, na mwenye deni dukani anazunguka njia ya nyuma ili muuza duka asimwone. Swali langu, ndugu msomaji, ni dogo tu: kufufuka kwa Yesu kunabadilisha nini siku ya Jumanne?

Nauliza kama mwandishi wa habari, maana mimi si mchungaji. Na naona Kimamba ni mahali pazuri pa kuulizia. Mji huu wa stesheni, kati ya Morogoro na Kilosa, ulikuzwa na Reli ya Kati waliyoijenga Wajerumani na mashamba ya mkonge. Mkonge ulikatwa na manamba, watu waliotolewa mbali na kwao kwa mkataba. Ukimwambia manamba kwamba avumilie, thawabu yake iko ng'ambo ya kaburi, anayefaidi mahubiri hayo ni mwenye shamba. Ufufuo ukihubiriwa hivyo ni dawa ya usingizi, na wasomi wengi wa rika langu wameukataa kwa sababu hiyo hiyo. Siwalaumu.

Lakini historia yetu ina upande mwingine. Wamisionari wa CMS walikuwa wamefika Mamboya, kwenye milima ya Ukaguru humu humu Kilosa, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1880. Miaka hamsini baadaye kulikuwa na Wakristo wengi Afrika Mashariki waliobatizwa, wanaojua nyimbo, na waliopoa kama chai ya jana. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini, Rwanda, Joe Church, alikutana Kampala na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wakasoma Biblia pamoja na kusali. Kutokana na watu kama hao ukazuka uamsho ulioenea Rwanda, Uganda, Kenya hadi Tanganyika. Waliouingia waliitwa Balokole, Kiganda cha "waliookoka". Ndiyo, lile neno "mlokole" tunalomtania nalo rafiki asiyekunywa bia limetoka huko!

Kwa hao, Yesu aliye hai alijulikana kwa mambo ya aibu kabisa. Mtu alisimama hadharani akasema nimeiba, akarudisha. Mume akamwomba mkewe msamaha mbele za watu. Festo Kivengere, aliyeokoka mwaka 1941, anasimuliwa kuwa alipanda baiskeli safari ndefu kwenda kumwomba msamaha Mzungu aliyekuwa akimchukia. Mwaka 1946 Kivengere huyo huyo alikuja Dodoma kufundisha shule, mbele kidogo kwenye reli hii inayopita Kimamba.

Nina ugomvi mmoja na Walokole. Walikuwa wepesi kuungama senti kumi waliyoiba na wazito kumuuliza mkoloni habari ya kodi. Siasa waliiogopa kama dhambi. Ndiyo maana habari ya Janani Luwum inanigusa.

Luwum, Mwacholi wa Mucwini, alikuwa mlokole tangu 1948, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana Uganda. Kuna waliomnung'unikia kwamba yuko karibu mno na Idi Amin. Mapema Februari 1977 askari walivamia nyumba yake usiku wakidai wanatafuta silaha. Maaskofu wakamwandikia Amin barua ya wazi kulalamikia mauaji na uonevu. Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala, silaha zikaanikwa mbele ya umati wa wanajeshi, wenzake wakaruhusiwa kuondoka, yeye akabakizwa. Kesho yake ikatangazwa kwamba amekufa kwenye ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Oryema na Oboth-Ofumbi. Mwili ukapelekwa Mucwini. Waliofungua jeneza waliona matundu ya risasi.

Kwenye kilima cha Namirembe kaburi lilikuwa limeshachimbwa, kando ya lile la Askofu James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Serikali ikapiga marufuku ibada ya kumkumbuka. Jumapili, tarehe 20, maelfu wakaja hata hivyo. Walipotoka kanisani wakasimama kuzunguka shimo lisilo na maiti. Erica Sabiti, askofu mkuu mstaafu na mlokole wa zamani, akawakumbusha yale malaika aliyowaambia wanawake kaburini: mnayemtafuta hayumo humu. Watu wakaimba.

Fikiria wanausalama waliochanganyika na umati ule. Unamtishaje mtu anayeimba kwenye mdomo wa kaburi? Nadhani ni kitu kile kile kilichompandisha Kivengere baiskeli. Anayeamini kwamba kifo kimeshashindwa hana sababu kubwa ya kumkwepa aliyemkosea, wala kumkwepa muuza duka, wala kumtetemekea rais.

Kivengere mwenyewe, askofu wa Kigezi wakati huo, alivuka milima kwa miguu na mkewe usiku hadi Rwanda. Mwaka huo huo akatoa kitabu kilichoitwa "I Love Idi Amin", yaani nampenda Idi Amin. Wapo waliokasirishwa nacho, na nawaelewa, kwani waliouawa walikuwa bado hawajahesabiwa. Mwaka 1979, majeshi ya Tanzania yalipomwondoa Amin, Kivengere alirudi Kabale kwa watu wake.